Mafuta, mabaka au rangi: ngozi yako inataka nini hasa?

Kaa nusu saa kwenye duka la vipodozi pale Kariakoo, usinunue kitu, sikiliza tu. Anaingia mwanafunzi wa chuo, paji la uso limemjaa chunusi. Anaingia mama aliyejifungua miezi michache iliyopita, mashavuni ana mabaka ya kahawia. Anaingia dada wa tatu, katoka Makambako juzi, ngozi imempauka hadi imeanza kutoa magamba. Muuzaji anawasikiliza wote kwa upole, halafu mkono wake unakwenda kwenye rafu ileile. "Chukua hii, dada. Itakutakatisha."

Nimelitafakari sana neno hilo. Kutakata ni kuwa safi: nguo iliyofuliwa ikafulika imetakata, sufuria iliyosuguliwa kwa mchanga imetakata. Lakini mtu akikutana nawe njiani leo akakwambia "Shoga, umetakata!", huwezi kujua anasifia nini. Huenda chunusi zimekwisha. Huenda umelala vizuri na uso una nuru. Au huenda umekuwa mweupe kuliko mwezi uliopita. Sifa ni moja, mambo ni matatu, na muuzaji hana haja ya kuyatenganisha kwa sababu kopo analouza linaahidi yote.

Kazi ya kuyatenganisha ni ya mnunuzi. Ngozi ina maumbile yake, yaani jinsi inavyotoa mafuta na kushika maji. Ina shida zinazokuja na kuondoka, kama chunusi na mabaka. Na ina rangi yake. Maumbile unayatunza, shida unaitibu, rangi unailinganisha. Anayejaribu kutibu rangi yake ndiye anayeharibu hayo mengine mawili, na huyo tutamfikia.

Tuanze na maumbile, maana ndiyo rahisi kuyapima na hayahitaji hela. Osha uso kwa sabuni laini, ukaushe kwa kuugandamiza taulo bila kusugua, usipake chochote, kisha ukae ndani kama saa moja. Uso ukikaza kama ngoma, ngozi yako ni kavu. Uking'aa wote, ni ya mafuta. Ukiwa unang'aa kwenye paji, pua na kidevu lakini mashavu yametulia, ni mchanganyiko, na wengi wetu tuko hapo. Usipohisi chochote, shukuru Mungu na usinunue vitu vingi.

Kwa sisi wa pwani kipimo hicho kina mtego. Kaskazi inapovuma, Desemba hadi Machi, kila uso wa Dar es Salaam unang'aa, na kila mtu anaamini ana ngozi ya mafuta. Jasho si mafuta. Kaa chini ya feni: jasho litakauka, mafuta yatabaki, na ukiyagusa kwa tishu yataacha doa linalopitisha mwanga. Nimewaona watu wenye ngozi kavu kabisa wakijisugua kwa dawa za kukausha mafuta eti kwa sababu wanatoka jasho kwenye daladala. Tena mtu yuleyule akienda Njombe mwezi Juni ngozi yake itakuwa nyingine, kwa kuwa baridi na hewa kavu vinanyonya maji. Ndiyo maana sifa za krimu kutoka kwa binamu yako aliyeko Iringa, au shangazi aliyeko Toronto, hazikusaidii sana. Anasema kweli, ila anasema kweli ya huko kwake.

Kabla hujalaumu ngozi, angalia sabuni. Ngozi yenye afya ina uchachu kidogo, pH yake (kipimo cha uchachu, ambacho kikishuka uchachu unaongezeka) ikizunguka 5. Sabuni ya mche tunayofulia hufika 9 au 10. Ukiosha uso kwa sabuni hiyo asubuhi na jioni, unaondoa uchafu pamoja na ule utando mwembamba unaozuia maji yasipotee na vijidudu visiingie. Uso unakaza, unapauka, unawasha, nawe unakwenda kununua krimu ya kutuliza kitu ambacho umekianzisha mwenyewe bafuni. Kuna watu ambao nusu ya matatizo yao yaliisha kwa kubadilisha sabuni tu, na hilo ni jambo ambalo hakuna muuzaji atakayekwambia.

Kuhusu kulainisha ngozi, siri iko kwenye maneno mawili ambayo nyanya zetu waliyajua: gliserini na mafuta ya mgando. Gliserini huvuta maji na kuyashika kwenye ngozi. Mafuta ya mgando hayaongezi maji hata tone, yanafunika tu ili yaliyopo yasitoroke, ndiyo maana ukiyapaka kwenye ngozi iliyokauka unapata kung'aa bila kulainika. Yapake ngozi ingali na unyevu wa kuoga. Soma nyuma ya losheni nyingi za bei kubwa, utakuta gliserini karibu na mwanzo wa orodha. Orodha ya viambato huandikwa kuanzia kilicho kingi kwenda kilicho kidogo. Kwa hiyo kama mbele ya kopo pameandikwa "asali na parachichi" kwa herufi za dhahabu, na nyuma parachichi liko mwisho baada ya manukato, umenunua manukato.

Sasa shida. Chunusi si ugonjwa mmoja, na hapa watu hupoteza miaka. Chunusi za kawaida hutokana na vinyweleo kuzibwa na mafuta na seli zilizokufa, kisha bakteria na uvimbe vinafuata. Zinasaidiwa na vitu kama asidi ya salisiliki au benzoili peroksaidi. Lakini kuna vipele vidogo vinavyofanana kama mapacha, vinavyowasha, kwenye paji, kifuani na mgongoni, vinavyozidi wakati wa joto na jasho. Mara nyingi hivyo ni fangasi, jamii ileile inayohusika na mba wa kichwani. Fangasi huyo hula mafuta. Ukimpaka mafuta ya nazi kwa sababu "ni ya asili", umempelekea pilau. Hata kwa chunusi za kawaida mafuta ya nazi usoni huziba vinyweleo vya watu wengi. Yaache kwa nywele, miguu na wali.

Halafu mabaka, ambayo kwa ngozi nyeusi ndiyo kilio kikubwa kuliko chunusi zenyewe. Seli zinazotengeneza rangi, melanini, ziko karibu idadi ileile kwa Mmasai na kwa Mswidi. Tofauti ni kwamba zetu zina bidii: vifuko vya rangi ni vikubwa, vimesambaa vizuri, na vinafanya kazi haraka. Bidii hiyo ni kinga, lakini ina gharama. Kila kinachoichokoza ngozi, iwe chunusi uliyoibinya, kuumwa na mbu, skrabu iliyosugua sana, au krimu iliyokuunguza, kinajibiwa kwa rangi ya ziada. Chunusi inakwisha kwa wiki, kivuli chake kinakaa miezi. Mabaka ya mjamzito yana chanzo kingine, homoni, lakini nayo hulishwa na jua.

Watu wengi husema jua halituhusu. Linatuhusu, ila si kama linavyomhusu mtalii. Watafiti waliopima mwaka 1979 walikadiria kwamba ngozi nyeusi yenyewe ina kinga ya SPF, yaani kipimo cha kujikinga na miale ya jua, kama 13, na nyeupe kama 3. Kwa hiyo hatuungui haraka. Lakini kwa mwenye mabaka, 13 haitoshi, na hata ile nuru ya kawaida inayoonekana kwa macho huyakoleza mabaka kwenye ngozi nyeusi. Anayelipa mamia ya maelfu kwa seramu ya mabaka halafu anatembea saa saba mchana bila losheni ya jua anachota maji kwa pakacha. SPF 30 huzuia takriban asilimia 97 ya miale inayounguza, SPF 50 takriban 98. Tofauti ni ndogo kuliko bei inavyodai, na kikubwa ni kupaka ya kutosha: mistari miwili ya urefu wa kidole cha shahada na cha kati, kwa uso na shingo. Zile zinazotuacha na weupe kama tumepakwa chokaa zina madini meupe, zinki au titani. Tafuta zilizotiwa rangi ya kahawia. Rangi hiyo hutoka kwenye oksaidi za chuma, ambazo ndizo zinazozuia ile nuru ya kawaida. Pale Moshi, kwenye kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo hospitali ya KCMC, hutengenezwa losheni ya jua iitwayo Kilisun kwa ajili ya watu wenye ualbino. Kwao kupaka losheni si urembo, ni kujikinga na saratani.

Kopo linalofanya kazi haraka mno

Turudi kwenye rafu ile ya Kariakoo, kwa yule anayetaka kuitibu rangi.

Mkorogo hausifiwi bure. Unasifiwa kwa sababu wiki ya kwanza unafanya maajabu. Chunusi zinalala, wekundu unaondoka, ngozi inakuwa laini kama ya mtoto na imepanda weupe kidogo. Majirani wanasema umetakata. Mara nyingi kilichofanya hivyo ni dawa ya steroidi, kwa mfano clobetasol au betamethasone, ambazo daktari huziandika kwa ugonjwa fulani, sehemu fulani, kwa siku chache. Steroidi haitibu chunusi, inaunyamazisha mwili usilalamike. Huku nyuma inaipunguza ngozi unene hadi mishipa ionekane, inaleta michirizi isiyofutika mapajani na kwapani, na siku ukiacha, uso unalipuka vipele kuliko vya mwanzo. Nawe unarudi dukani. Ni biashara nzuri sana kwa muuzaji.

Kiambato cha pili ni haidrokwinoni, ambayo kwenye makopo huandikwa hydroquinone. Chini ya usimamizi wa daktari wa ngozi, kwa muda maalumu, ni dawa inayotambulika ya mabaka. Ikipakwa miaka na mikaka, jua likiwaka, inaweza kugeuka na kuleta weusi wa bluu kama wa masizi, hasa kwenye mashavu, na weusi huo ni mgumu mno kuuondoa. Daktari mmoja wa Afrika Kusini, Findlay, aliueleza mwaka 1975 baada ya kuuona kwa wanawake waliokuwa wakitumia krimu za kung'arisha, na nchi ile ikaja kuipiga marufuku haidrokwinoni kwenye vipodozi mwaka 1990. Yaani watu walijipaka ili wawe weupe, wakaishia na weusi ambao hawakuzaliwa nao.

Cha tatu ni zebaki. Inazuia melanini isitengenezwe, na inaingia mwilini kupitia ngozi hadi kwenye figo, na kwa mjamzito hadi kwa mtoto. Mkataba wa Minamata, uliopewa jina la mji wa Japani ambako zebaki iliwaangamiza watu kupitia samaki, ulipitishwa 2013 na kuanza kutumika 2017. Ulitaka vipodozi vyenye zaidi ya sehemu moja ya zebaki kwa milioni viondoke sokoni kufikia 2020, na mwaka 2023 nchi wanachama zikaamua kwamba hata kiwango hicho kifutwe. Kwenye kopo haitaandikwa "zebaki". Tafuta calomel, mercurio, mercurous chloride. Kuna dalili nyingine ninayoipenda kwa sababu inajisaliti yenyewe: maelezo yakikuonya usiiguse krimu ukiwa umevaa dhahabu au fedha, jiulize ni krimu gani inayoogopa pete. Zebaki huharibu madini hayo.

Tanzania kazi ya kusimamia vipodozi ilihamia Shirika la Viwango, TBS, mwaka 2019, na krimu zenye viambato hivi haziruhusiwi. Kenya kuna KEBS. Lakini mkorogo wenyewe, ule unaochanganywa chumba cha nyuma cha saluni na kutiwa kwenye kopo lisilo na jina, haupiti ofisi ya mtu. Hapo mkaguzi ni wewe. Krimu isiyo na orodha ya viambato, isiyo na tarehe, na inayofanya maajabu ndani ya siku saba, iache ilipo. Ngozi hujibadilisha upya kwa karibu mwezi mmoja. Kitu chochote cha kweli kwa mabaka huhesabiwa kwa miezi.

Nami nina ombi kwa wanaosifia. Mtu akionekana ametakata ghafla, angalia vifundo vya vidole vyake. Ngozi ya pale haidanganyiki kirahisi.

Na vya asili je?

Najua mtu atasema: basi turudi kwa bibi. Turudi, lakini kwa macho wazi. Liwa iliyosagwa kwa maji ya waridi inapoza na kunukia, na singo wanayosuguliwa maharusi wa Unguja, yenye maua ya waridi na langilangi, inasugua ngozi kwa upole wa mkono wa somo, yaani kungwi wao. Hayo ni mambo mazuri na sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni na limau. Maji ya limau au ndimu yana pH kama 2, na ukiyapaka kisha ukatoka juani, kemikali zilizomo huungana na miale na kuunguza ngozi, kisha yale malengelenge yanaacha mabaka meusi zaidi ya uliyotaka kuyaondoa. Dawa ya meno juu ya chunusi nayo huichokoza ngozi. Karafuu ni ya asili, na mafuta yake ni miongoni mwa vitu vinavyojulikana sana kwa kuleta mzio.

Na piko. Hina ya kweli ni ya rangi ya kahawia nyekundu na inahitaji saa kadhaa kukolea. Ile nyeusi ti inayokolea kwa dakika chache mara nyingi ni dawa ya kupaka nywele iliyochorwa mkononi, na ndani yake kuna kemikali iitwayo PPD. Ulaya hairuhusiwi kupakwa kwenye ngozi. Bibi harusi mmoja niliyemfahamu alikaa ukumbini na mikono imevimba, maua yote ya piko yamekuwa malengelenge. Kibaya zaidi, mwili ukishaikataa PPD mara moja hukumbuka maisha yote, kwa hiyo hata dawa ya nywele ikawa haramu kwake.

Ndiyo sababu ya kujaribu kwanza. Paka kidogo ndani ya kiwiko, mara mbili kwa siku, kwa siku saba hadi kumi, kabla ya kupeleka usoni. Na ongeza kitu kimoja kimoja. Ukianza sabuni mpya, seramu mpya na krimu mpya Jumatatu moja, vipele vikija Alhamisi utamshitaki nani? Maneno ya mbele ya kopo kama "haina mzio" au "imependekezwa na madaktari" hayakusaidii hapo. Hata nchini Marekani, neno la kutokuwa na mzio halina tafsiri ya kisheria. Kila kiwanda kinaliandika kinavyotaka.

Rangi hailingani na jina lake

Imebaki rangi, na hapa nazungumzia mekapu. Iman, msichana wa Mogadishu aliyekuwa akisoma Chuo Kikuu cha Nairobi, alifika New York mwaka 1975 kuwa mwanamitindo. Amesimulia mara nyingi kwamba siku ya kwanza ya kazi mpambaji alimuuliza kama amekuja na fandesheni yake mwenyewe. Hakuelewa swali. Alipopakwa iliyokuwepo, alijiona kijivu. Baadaye akawa anachanganya za kwake, na mwaka 1994 akaanzisha kampuni ya vipodozi yenye jina lake. Kabla yake, wanamitindo weusi wa Marekani waliozunguka na maonyesho ya mitindo ya jarida la Ebony walikuwa wakichanganya rangi wenyewe, na kutokana na hilo Eunice Johnson na mumewe wakaanzisha Fashion Fair mwaka 1973. Fenty Beauty, kampuni ya mwanamuziki Rihanna, ilipoingia sokoni mwaka 2017 na rangi 40 kwa mpigo, ilionekana kama mapinduzi. Ni habari njema, lakini inaonyesha tulivyochelewa kukumbukwa.

Kile kijivu kina sababu. Fandesheni hupata rangi kutokana na unga mweupe wa titani pamoja na oksaidi za chuma: nyekundu, njano na nyeusi. Kiwanda kikichukua mchanganyiko wa watu weupe na kuuongezea nyeusi tu, weupe ule wa titani bado umo, na juu ya ngozi ya maji ya kunde unatoka majivu. Ngozi nyeusi si nyeupe iliyotiwa giza. Ina wekundu, au udhahabu, au uzeituni ndani yake, na mbili zenye giza sawa zinaweza kuhitaji fandesheni tofauti kabisa. Ile hila ya mtandaoni ya kuangalia mishipa ya mkono kama ni ya bluu au kijani iache, iliundwa kwa watu ambao mishipa yao inaonekana.

Zaidi ya hapo, uso wenyewe si rangi moja. Wengi wetu paji na pembe za mdomo ni nyeusi kuliko mashavu. Ukilinganisha fandesheni na shavu, uso mzima utaelea mbele ya shingo kama kinyago. Linganisha na shingo na kifua. Bibi harusi akubali kutumia mbili, nyepesi katikati na nzito pembeni, hakuna anayehesabu.

Kwa hiyo unapokwenda kununua, nenda asubuhi, uso mtupu. Chora mistari mitatu ya rangi zinazokaribiana, kuanzia taya kushuka shingoni. Usichore mgongo wa mkono. Mkono si uso. Kisha toka nje, maana taa za dukani zina manjano au bluu na zinamdanganya hata muuzaji. Mstari unaopotea ndio wako. Ila usilipe bado. Fandesheni nyingi hukolea zikikutana na mafuta ya ngozi na hewa, kwa hiyo zunguka kwanza mitaa ya Kongo na Msimbazi, nunua vitunguu, bishana bei ya khanga, urudi baada ya saa moja au mbili ukajiangalie tena kwenye kioo. Wamachinga watakuuliza umechorwa nini shingoni. Waambie bado unachagua.